Barua kwa sahibu yangu kuhusu mshambuliaji wenu

Sahibu yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji na watoto. Mimi ni mzima wa afya, hofu ni kwenu. Barua yako nimeipata, na nimelitafakari swali lako la kama mumwache au mumbakize mshambuliaji anayefunga karibu kila mchezo, lakini anayewatukana wenzake kila mkiingia chumba cha kubadilishia nguo.

Unasema wajumbe wa kamati wanaotaka abaki wanamtolea mfano Carlos Tevez. Mfano ni wa kweli, ila wameukata katikati. Tarehe 27 Septemba 2011, Manchester City wakiwa nyuma kwa mabao mawili bila dhidi ya Bayern huko Munich, kulizuka mzozo kwenye benchi, na baada ya mchezo kocha Roberto Mancini akatangaza kwamba Tevez amekataa kuingia uwanjani na hatacheza tena chini yake. Tevez alidai kwamba hakueleweka, lakini klabu ilimtoza faini, na mnamo Novemba akarudi Argentina bila ruhusa, akakaa huko miezi akicheza gofu. Huyo ndiye aliyekuwa mfungaji bora mwenza wa Ligi Kuu ya England msimu uliotangulia, kwa mabao 20. Aliporejea Februari 2012 aliomba radhi; Machi akatokea benchi dhidi ya Chelsea na kumpa Samir Nasri pasi ya bao la ushindi, Aprili akawafunga Norwich matatu (akashangilia kwa kuigiza mcheza gofu, jambo lililonichekesha kuliko kuniudhi), na Mei City wakatwaa ubingwa kwa tofauti ya mabao.

Wasichokisema wajumbe wako ni kwamba kitambaa cha unahodha kilikuwa tayari kwa Vincent Kompany, Sergio Agüero alikuwa anafunga, na timu ilikuwa imeshinda michezo mingi bila Tevez. Mancini alimpokea mtu ambaye timu ingeweza kuendelea bila yeye. Tena ugomvi ule ulikuwa kati ya mchezaji na kocha, na kocha anaweza kusamehe lililo lake.

Roy Keane, nahodha wa Manchester United, yeye aliwagusa wenzake. Mwishoni mwa Oktoba 2005, Manchester United walipofungwa 4-1 na Middlesbrough naye akiwa majeruhi, alikaa mbele ya kamera za televisheni ya klabu akawachambua wachezaji wenzake kwa ukali uliofanya mahojiano yale yasirushwe kamwe. Tarehe 18 Novemba akaondoka, yeye aliyekuwa nahodha tangu 1997. Kwa maoni yangu, kuhusu soka lenyewe Keane hakukosea sana, lakini vijana aliowasema walipaswa kuingia uwanjani naye tena akishapona, na kocha Alex Ferguson hakuwa na njia ya kusamehe kwa niaba yao. United walichukua ubingwa 2007, 2008 na 2009. Sikufichi kwamba Keane alikuwa na miaka 34. Angekuwa na 25, huenda mizani ingesumbua zaidi.

Wenu ana miaka 22, na hilo ndilo linalowatia kigugumizi. Hata hivyo, umeniandikia kwamba alimrushia kiatu kipa wa akiba, mtoto wa miaka 17, na kwamba mtoto huyo tangu siku hiyo haji mazoezini. Mnahesabu mabao ya mmoja tu, ilhali mchezaji mliyekwisha kumpoteza hamumweki kwenye hesabu.

Ushauri wangu ni kwamba akae nje michezo miwili, ukiwemo ule wa mahasimu wenu, na amwombe kipa radhi mbele ya wachezaji wote, wala si kwenye kikao cha kamati ambako kila mtu atamtetea. Akikataa, mwacheni kabla dirisha la usajili halijafungwa ili apate timu nyingine na ninyi mpate mbadala. Kabla ya yote hayo, nenda wewe mwenyewe nyumbani kwa yule kipa ukazungumze na wazazi wake, maana hilo halihitaji uamuzi wa kamati.

Wako daima,
Nduguyo