Vitabu vikuukuu vya besiboli visitupwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niwasemee wakusanyaji wa vitabu vya mitumba vya historia ya besiboli, mchezo wa Wamarekani. Mimi ni mmoja wao. Tunaambiwa kila leo kwamba takwimu zote zimo kwenye intaneti, kwa hiyo kitabu cha mwaka 1960 kimekwisha kazi. Nakataa.

Ninayo juzuu ya kwanza ya historia ya besiboli aliyoiandika Harold Seymour, iliyotoka mwaka huohuo wa 1960. Jalada limepauka upande wa mgongo, na aliyekuwa nayo kabla yangu ameijaza mistari ya penseli. Fungua ukurasa wa jina la kitabu: mwandishi ni mmoja tu. Kumbe mkewe, Dorothy, ndiye aliyefanya sehemu kubwa ya utafiti, kwa juzuu hiyo na mbili zilizofuata, za 1971 na 1990. Mchapishaji alikuja kumtambua kuwa mwandishi mwenza baada ya takriban nusu karne, mumewe akiwa ameshafariki. Ukiitupa nakala kama hii kwa sababu imepitwa na wakati, umetupa ushahidi wa dhuluma aliyofanyiwa Dorothy.

Ndivyo ilivyo pia kwa mchezaji mweusi Josh Gibson. Katika vitabu vyangu vya takwimu vya zamani, anayeongoza kwa wastani wa upigaji, yaani mapigo yaliyofanikiwa yakigawanywa kwa mara alizopiga, ni Ty Cobb, .367, na Gibson hayumo kabisa, maana alicheza katika ligi za Weusi, zilizotengwa na ligi kuu. Mwaka 2024 takwimu za ligi hizo ziliingizwa rasmi katika rekodi za ligi kuu, na Gibson akawa wa kwanza kwa .372. Orodha mpya ni ya haki, nami naifurahia mno. Lakini kwa kuitazama hiyo peke yake, kijana wa leo atajuaje kwamba jina hilo lilifichwa miaka yote hiyo?

Tena yapo maandishi ambayo yakipotea hayarudi. Sol White, mchezaji na meneja mweusi, alichapisha kijitabu cha historia ya besiboli ya Weusi mwaka 1907. Nakala zake za awali zilizosalia ni chache mno. Mwandishi Robert Peterson alipotoa kitabu chake kuhusu ligi za Weusi mwaka 1970, ilimbidi apekue magazeti ya zamani na kuwatafuta wachezaji wazee mmoja mmoja. Mwaka uliofuata Satchel Paige, mrushaji mpira maarufu wa ligi hizo, aliingizwa katika Jumba la Magwiji wa besiboli huko Cooperstown, Marekani.

Kwa hiyo nawaomba wakutubi wanaopunguza rafu, na warithi wanaofungua makasha ya marehemu, wavikague kwanza hata vile vijitabu vyembamba visivyo na jalada gumu. Msifute maandishi ya penseli. Na ukurasa uliochanika msiubandike selotepu. Gundi yake hugeuka manjano na kuila karatasi. Uacheni hivyohivyo, mtupatie sisi.

Wako,
Mkusanyaji wa vitabu