Kabla hujampa fundi simu yako

Mwanangu mpenzi,

Salaam aleikum. Huku Mombasa sote tu wazima, joto ni lile lile, na mamako kila siku auliza kama umeshanunua blanketi la pili. Baridi ya Eldoret imemkaa moyoni kuliko masomo yako.

Mimi langu ni lile ulilonipigia jana. Simu haishiki chaji, laptopu inajikokota, na kuna fundi hapo nje ya geti aliyekwambia "sistimu ya chaji imekufa" na anataka elfu mbili na mia tano. Nilikwambia usimpe mtu kitu mpaka nikuandikie. Basi niko dukani hapa Mwembe Tayari, wateja wamepungua baada ya adhuhuri, na naandika.

Huyo fundi simjui na simsemi vibaya. Lakini kazi naijua. Mtu akikutajia ugonjwa na bei kabla hajaishika simu, huyo yuko kwenye biashara, bado hajafika kwenye ufundi. Fundi huanza kwa kuuliza. Ilianza lini? Ilianguka? Iliingia maji? Ukitumia waya wa mwenzako inakuwaje? Maswali hayo hayataki bisibisi, waweza kujiuliza mwenyewe hapo ulipo. Nataka ushike utaratibu tu: anza na jambo lisilo na gharama, badilisha kitu kimoja kwa wakati, na kisifunguliwe chochote kabla vilivyomo havijahifadhiwa pengine.

Tuanze na chaji. Azima waya wa mwenzako, ukitumia kichwa chako cha chaja na soketi yako. Ikikataa, rudisha waya wako, uazime kichwa. Ikikataa tena, hamia soketi nyingine. Ukibadilisha vyote kwa pamoja na ikashika, hutajua kibovu ni kipi, na kesho utakuwa hapo hapo. Mara nyingi ni waya, nao hukatikia shingoni, pale unapoingia kwenye simu, kwa sababu nyinyi vijana mwalala mkitumia simu ikiwa kwenye chaji na waya umepinda.

Ikiwa vyote ni vizima, izime simu kabisa, uchukue tochi uangalie ndani ya tundu la chaji. Simu yako ni ya USB-C, kwa hivyo katikati utaona ulimi mwembamba wenye vijistari vya shaba pande zote mbili. Huo ulimi usiuguse. Tazama kule ndani kabisa, nyuma yake. Vumbi la mfukoni na nyuzi za nguo huingia mle kidogo kidogo, nawe kila ukichomeka waya walishindilia, mpaka linakuwa gumu kama mkeka. Hapo waya hauzami wote. Wakaa nusu, ukiugusa chaji yakatika, na mtu aapa kwamba simu imekufa. Chukua kijiti cha meno cha mbao, pini na sindano ziache, maana chuma kikigusa vijistari vile ndipo utamhitaji fundi kweli. Pita kandokando ya ukuta wa tundu, polepole, ukivuta nje. Kitatoka kidonge cha rangi ya nguo unazovaa sana; wateja wangu wa buibui vyao ni vyeusi tii. Ukichomeka waya baada ya hapo utausikia ukibana. Kazi hii naifanya kutwa, na wengi siwatozi, kwa sababu nitamtoza mtu vipi kwa kijiti cha meno?

Kuna jingine la chaja. Ukiona ukichaji kioo kinajibonyeza chenyewe, herufi zinaruka, na ukichomoa simu yatulia, basi kioo ni kizima. Chaja ni ya rahisi mno, haichuji umeme sawasawa, na ule uchafu wa umeme wakivuruga kioo. Usikubali kubadilishiwa kioo kwa ugonjwa huo. Nimewaona waliobadilisha.

Maji sasa, maana likizo yaja na nawajua nyinyi, mkifika tu mwakimbilia ufukweni Bamburi. Usidanganywe na maandishi ya IP68, yale yanayodai simu haiingii maji. Kipimo kile hufanywa kwa maji baridi yasiyo na chumvi, na kwa simu mpya. Ya kwako imeshaanguka mara ngapi? Maji ya bahari yana mambo mawili. Yapitisha umeme vizuri kuliko maji ya mfereji, na yakikauka yaacha chumvi inayokula shaba ya bodi, lile bamba la umeme lililo ndani ya simu, siku baada ya siku. Ndiyo sababu simu huweza kuwaka jioni ile, watu wakashangilia, ikafa baada ya wiki.

Ikiingia maji, izime papo hapo. Usijaribu kama yawaka, usiitie chaji, usiipulizie kwa mashine ya kukaushia nywele. Toa laini na memori kadi, uifute, uielekeze tundu chini, uiweke penye upepo. Na mchele wachia pilau. Apple wenyewe waliandika mwaka 2024 kwamba simu isitiwe kwenye mchele, kwa sababu vijichembe vyake vyaweza kuingia na kuharibu. Tena punje za mchele hazina nguvu ya kuvuta maji yaliyo chini ya bodi kuliko upepo wa kawaida. Kama ni maji ya bahari, hata ikionekana imekauka, ipelekwe ifunguliwe isafishwe kwa ile spiriti ya mafundi, haraka iwezekanavyo. Hilo ni katika machache ambayo kijiti cha meno hakiwezi.

Laptopu ikimwagikiwa chai, chomoa chaja, bonyeza kitufe cha kuwashia usiachie mpaka izime, kisha uifudikize kibodi ikiangalia chini. Kazi ya darasani utaikumbuka baadaye. Watu huharibu kwa kusema "wacha nisevu kwanza".

Betri sitaisema sana. Joto ndilo adui yake, kwa hivyo usiichaji chini ya mto, na ukiweza iache itembee kati ya asilimia 20 na 80 badala ya kuimaliza kabisa kila siku. Ila ukiona mgongo wa simu umeanza kuinuka, au ile sehemu ya laptopu unayotelezesha kidole imekuwa ngumu kubonyea, hapo betri imefura. Acha kuichaji siku hiyo hiyo. Usiibonyeze irudi, usiitoboe. Betri ya lithiamu ikitobolewa huwaka, na moto wake si wa kuuzima kwa kikombe cha maji.

Laptopu yako. Kwanza, iwashe upya kwa Restart, usitumie Shut down. Najua wafikiri ni mamoja. Windows 10 na 11 zimewekwa ziwake haraka, kwa hivyo ukiizima kwa Shut down huhifadhi sehemu ya mfumo kwenye diski na kuirudisha vile vile kesho yake, na matatizo yake. Restart ndiyo huanza upya kwelikweli. Nina mteja aliyekuwa akizima kompyuta yake kila usiku mwezi mzima na hajawahi kuianza upya hata mara moja.

Ikiwa bado nzito, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Itafunguka orodha ya vinavyofanya kazi. Angalia safu ya diski: ikiwa imekaa asilimia 100 na wewe hufanyi kitu, na diski yenyewe ni ya zile za kuzunguka, hapo ndipo penye ugonjwa, na dawa yake ni kutia SSD, ile diski isiyozunguka. Hakuna badiliko la bei nafuu linaloifufua laptopu ya zamani kama hilo. Ikiwa kinachojaa ni kumbukumbu, funga vichupo vya kivinjari, zile kurasa unazoziacha wazi, maana uliponionyesha kioo chako mara ya mwisho nilishindwa hata kuvihesabu. Kisha nenda kwenye programu zinazojiwasha na kompyuta, uzime usizozihitaji. Antivairasi usiiguse. Na laptopu isikae juu ya godoro. Matundu ya hewa yako chini na ubavuni, godoro huyaziba, nayo ikipata joto hujipunguza mwendo makusudi ili isiungue.

Angalia pia ni Windows gani. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Haitazima, lakini haipati tena viraka vya usalama kwa utaratibu wa kawaida. Kama laptopu yakubali 11, ipandishe. Kama haikubali, tutazungumza ukija.

Sasa lile ninaloliona zito kuliko yote. Mwezi uliopita mzee mmoja mwenye duka la rejareja aliniletea simu iliyokanyagwa na tairi. Bodi imekatika vipande viwili. Nikamwambia mzee, nunua nyingine. Akasema simu haimhuzunishi, mle ndani mna daftari lake la madeni, nani amechukua unga, nani amelipa nusu. Akaniomba nitoe hata ile chipu ya kumbukumbu niisome. Haiwezekani. Simu za siku hizi hufunga vilivyomo kwa msimbo, na ufunguo wake umo kwenye bodi ile ile. Chipu peke yake haisomeki. Mzee alikaa kwenye benchi akianza kuandika majina kwa kalamu, ayakumbukayo.

Kwa hivyo kazi zako za chuo ziwe pahali patatu: kwenye laptopu, kwenye diski ya nje au flashi, na kwenye mtandao. Google wakupa GB 15 bure, na maandishi yote ya miaka minne hayafiki hata robo yake. Kinachojaza ni picha na nakala ya WhatsApp, vyote vyahesabiwa humo. Ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya hifadhi, utaona kundi gani limekula nafasi. Nitakwambia kabla hujafungua: ni kundi la familia, na ni zile video za shangazi yako za maua na "Ijumaa Kariim". Zima upakuaji wa kujiendesha, na usimwambie kwamba ni mimi.

Ukifuta kitu kwa bahati mbaya, usitaharuki. Kwenye Picha za Google kitu kilichokuwa kimehifadhiwa mtandaoni hukaa kwenye pipa siku 60. Kwenye flashi, ukifuta, data huwa bado ipo mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Basi ichomoe, usiweke chochote, uniletee.

Na siku utakapolazimika kumwachia fundi simu, toa laini na memori kadi ubaki nazo. Bonyeza *#06#, zile tarakimu 15 za IMEI, namba ya utambulisho wa simu yako, ziandike kwenye karatasi. Usimpe nywila ikiwa kazi yake ni kubadilisha kioo au tundu tu. Mwambie utaifungua mwenyewe mkiijaribu. Simu nyingi za Samsung zina hali ya matengenezo inayoficha vitu vyako, iwashe.

Weka pia PIN ya laini yenyewe, mbali na ile ya kioo. Simu ikiibwa, mwizi hutoa laini akaitia kwenye simu yake, kisha apokea jumbe zote za uthibitisho kwa jina lako. Laini yenye PIN humgomea: akikosea mara tatu yataka PUK, ile namba ya kuifungulia laini, na PUK ikikosewa mara 10 laini yafa kabisa. Ile PUK iandike pahali na wewe usije ukajifungia nje. WhatsApp iwekee uthibitisho wa hatua mbili, na zile tarakimu 6 wanazotuma usimpe mtu, hata akiandika kwa namba yangu, hata akisema "mwanangu nisaidie". Ikiwa ni mimi nitakupigia, utanisikia sauti.

Ukituma pesa za M-Pesa kwa mtu siye, usimpigie kumbembeleza kwanza. Ule ujumbe wa M-Pesa utume wote kama ulivyo kwa 456, papo hapo, kabla hajazitoa.

Nafikiri hayo yatosha kwa sasa. Igeuze laptopu, piga picha ile karatasi iliyobandikwa chini yake yenye jina na namba ya modeli, unitumie, nijue yachukua SSD ya aina gani. Zipo za umbo la kasha bapa na zipo nyembamba za kuchomeka kwenye bodi, usinunue kwa kukisia. Nikiipata nitaitia kwenye kifurushi cha basi la Alhamisi pamoja na chaja nzuri. Mamako ameshaniambia kifurushi kiwe kikubwa, ana achari ya maembe na kashata, kwa hivyo ukienda kukichukua nenda na mwenzako.

Babako