Harambee ya vifaa vya gari la wagonjwa, Likoni

Ndugu, jamaa na majirani,

Gari la wagonjwa tunalo na dereva yupo. Safari hii tunachangisha vya ndani ya gari, hasa vya kumhudumia mama au msichana anayevuja damu au aliyeshikwa na tumbo la ghafla, kabla hajafika Hospitali Kuu ya Pwani, Makadara. Feri ikiwa ng'ambo, king'ora hakiirudishi, na kuzunguka kwa barabara ya Dongo Kundu ni mwendo mrefu. Muda huo wote mgonjwa yuko mikononi mwetu.

Tunachokiogopa zaidi ni mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi. Mrija wa uzazi ukipasuka, damu humwagikia tumboni. Nje huonekana matone, pengine hata tone hakuna. Nyumbani husemwa ni chango, akandwe, apewe chai ya tangawizi. Dalili ni hedhi iliyochelewa, maumivu makali chini ya kitovu, mara nyingi upande mmoja, kizunguzungu, na jambo ambalo wengi hawalijui: maumivu ya ncha ya bega, kwa kuwa damu iliyopanda hadi chini ya kiwambo cha kifua huchokoza mshipa wa fahamu utokao shingoni. Huyo hakandwi, wala hapewi chakula au kinywaji, maana huenda akapasuliwa saa hiyo hiyo.

Mwili wa msichana mwenye afya hudanganya. Presha husimama vizuri huku mapigo ya moyo yakipanda, kisha huporomoka kwa ghafla. Ndiyo sababu tunataka mashine 2 za presha za kupampu kwa mkono. Za betri hukosea gari likitikisika. Mapigo yakizidi namba ya juu ya presha, tuseme mapigo 115 kwa presha 95, hali ni mbaya hata kama mgonjwa anazungumza na kutania.

Damu inayoonekana nayo ihesabiwe. Sodo kubwa ikilowa kila saa kwa saa 2 mfululizo, hiyo ni dharura. Leso iliyokunjwa hunywa damu nyingi zaidi, kwa hiyo usiihesabu kama sodo moja. Ukeni hakuzibwi kwa pamba wala kitambaa: damu huendelea ndani na sisi tukadhani imekoma.

Kifaa kikuu katika orodha ni vazi la kuzuia mshtuko wa kupoteza damu, linalobana miguu na tumbo ili damu ibaki kwenye moyo na ubongo. Shirika la Afya Duniani linalipendekeza kama hatua ya muda kwa mama anayevuja damu baada ya kujifungua, na wahudumu hulitumia pia mimba ya nje inapopasuka. Hutandikwa chini ya mgonjwa, likafungwa kwa nguvu kuanzia vifundoni, kisha mashavu ya miguu, mapaja, nyonga na mwisho tumbo. Halivalishwi mwenye ugonjwa wa moyo, wala mwenye mtoto aliye hai tumboni anayeweza kuokolewa. Linapoharibikia ni mapokezi: mtu asiyelijua hulifungua lote kwa pupa, presha ikaanguka papo hapo. Hufunguliwa hospitalini tu, damu ikishadhibitiwa, kipande baada ya kipande kuanzia vifundoni, dakika 15 kati yake. Presha ikishuka kwa 20 au mapigo yakipanda kwa 20, linafungwa tena. Tunahitaji mavazi 3: moja likiwa mwilini mwa mgonjwa hospitalini (na kulirudisha huchukua siku), moja linafuliwa, moja liko garini.

Mitungi ya oksijeni ni 2, ya lita 680. Kwa lita 10 kwa dakika, mmoja huisha kwa dakika 68, na foleni mbaya ya feri huweza kuumaliza. Kuna pia kanula (vijirija vya kuingizia dripu mshipani) za namba 16 na 18, dripu, ambazo muuguzi hutoa kidogo kidogo huku akipima presha, vipimo vya mimba vya mkojo, sodo, mablanketi na pazia la machela. Bahasha kubwa za karatasi ni za nguo za aliyebakwa. Plastiki huweka unyevu na ushahidi huoza. Huyo asioge kwanza, na dawa za kukinga Virusi vya Ukimwi zianze ndani ya saa 72, mapema ndiyo bora.

Sehemu ya fedha itafundisha madereva wa tuktuk na bodaboda, maana wengi wa wagonjwa hawa wanabebwa nao. Aliyepoteza damu akiketishwa wima huzimia njiani. Alazwe kiti cha nyuma cha tuktuk, miguu juu, afunikwe.

Kifungu cha 43(2) cha Katiba kinakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura, lakini hakijazi mtungi.

Kadi za harambee ziko kwa wajumbe wa kila mtaa, na risiti za ununuzi zitabandikwa ubaoni. Anayependa kuleta kitu badala ya fedha atuulize kwanza. Mtungi wa oksijeni uje na rejeleta (kifaa cha kudhibiti gesi inayotoka) inayoingiana nao, na dripu zisiwe zimekaa juani.