Wasanii wa vyuma chakavu wana majina

Mhariri,

Naandika kuhusu namna magazeti yetu, hili likiwemo, yanavyowaandika wasanii wanaounda sanamu kwa vyuma chakavu, vizibo vya soda, tairi kuukuu na ndara zilizotupwa. Picha huwa nzuri: twiga wa chuma kando ya barabara, na kijana amechuchumaa miguuni pake ameshika mashine ya kuchomea. Chini ya picha tunaambiwa tu kwamba huyo ni msanii na sanamu yake ya taka. Jina hakuna. Habari yenyewe imewekwa kwenye ukurasa wa mazingira, kana kwamba kijana yule ameajiriwa kusafisha mji.

Hasafishi mji. Anachagua. Gia ya pikipiki iwe jicho, mnyororo wa baiskeli uwe manyoya ya shingo ya simba, kijiko kilichopondwa kiwe sikio. Anajua chuma kipi kitakubali kupinda na kipi kitapasuka. Wengi wao hawakukanyaga chuo cha sanaa. Mikono yao ilianza na magari ya waya utotoni, ikaendelea. Huo ni ujuzi, na mwenye ujuzi huandikwa jina.

Tunaye Cyrus Kabiru, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984 na kujifundisha mwenyewe. Miwani yake ya ajabu, aliyoiunda kwa nyaya, vizibo na vipande alivyookota, ilionyeshwa mwaka 2015 katika jumba la Vitra Design Museum nchini Ujerumani. Kazi zake zilikuwemo pia Cape Town jumba la sanaa la Zeitz MOCAA lilipofunguliwa mwaka 2017. Najivunia hilo kwa dhati. Ila ningetaka mtoto wa Dandora, hapa hapa Nairobi, aione miwani ile bila kupanda ndege.

Kuna mfano wa Marekani ambao ningeomba wahariri na wakuu wa makumbusho wautafakari. Lonnie Holley wa Birmingham, Alabama, hakufundishwa sanaa na mtu yeyote. Mwaka 1979 dada yake alifiwa na watoto wawili kwa moto, na familia haikuwa na fedha za kununua mawe ya kaburi. Holley akaokota vipande vya mchanga ulioganda, mabaki ya viwanda vya kusubu chuma, akawachongea wale watoto mawe yao. Hakuacha tena. Kiwanja chake kikajaa sanamu za kila kilichotupwa na wengine, mpaka mwishoni mwa miaka ya 1990, pale kilipotwaliwa ili uwanja wa ndege upanuliwe. Alilipwa fidia, lakini kazi nyingi zilizoharibiwa ndiyo zimekwenda.

Si mbali na hapo, Bessemer, aliishi Thornton Dial, mfanyakazi wa kiwanda cha mabehewa ya reli. Alitumia mazulia, mabati, kamba, hata mifupa ya wanyama. Kilichomwokoa asisahaulike ni kwamba mkusanyaji wa sanaa aitwaye William Arnett alizihifadhi kazi zake na za wenzake, kila moja na jina la aliyeiunda. Mwaka 2014 jumba la Metropolitan Museum la New York likapewa kutoka mkusanyo huo kazi 57 za wasanii weusi wa kusini mwa Marekani, za Dial na Holley zikiwemo, na mwaka 2018 likaziweka mbele ya umma. Dial hakuyaona maonyesho hayo. Alifariki mwaka 2016.

Bila zile kumbukumbu za majina, jumba lile lingepokea nini? Marundo ya mabati yasiyo na mwenyewe. Ndiyo maana nalishikilia hili la jina. Waandishi wako wakienda kwa mafundi hawa, waandike jina kamili, mahali, mwaka sanamu ilipoundwa, na imeundwa kwa vitu gani. Ni mistari miwili, haitajaza ukurasa. Na mhariri wa utamaduni aidai habari hiyo, isiachiwe ukurasa wa mazingira.

Makumbusho yetu nayo yanunue, walau sanamu chache kila mwaka, wakati waundaji wangali hai na wanaweza kueleza kazi zao. Kaunti zinapobomoa vibanda vya barabarani, fundi wa sanamu apewe ilani na muda wa kutosha: twiga wa chuma habebwi begani.

Nasi wanunuzi tuna sehemu yetu. Ukinunua sanamu pale Ngong Road, muulize aliyeiunda jina lake, na umwombe alichome pamoja na mwaka chini ya kwato kabla hujalipa.

Msomaji wako,
Nairobi