Mifupa ya Ntusi ichunguzwe hapahapa

Mhariri,

Taarifa yenu kuhusu maeneo ya kale ya Uganda haikugusia uchunguzi wa mifupa ya wanyama, ambayo wengi huiona takataka tu. Kule Ntusi, wilayani Sembabule, vilima vya taka vilivyoachwa na wakazi wa karne ya 11 hadi ya 15 vina mifupa mingi ya ng'ombe, na sehemu kubwa ni ya wanyama wachanga. Kipande cha taya huonyesha umri wa mnyama kwa jinsi meno yalivyoota na kusagika. Mkwaruzo mwembamba ulionyooka huwa wa kisu, ilhali kitundu cha mviringo mara nyingi ni alama ya jino la mnyama mla nyama, kama fisi. Hata hivyo, kutenganisha mfupa wa mbuzi na wa kondoo ni kazi ngumu (hata mchinjaji hodari atababaika) pasipo mifupa ya kulinganishia, yaani ya wanyama wanaojulikana.

Kwa hiyo, napendekeza Makumbusho ya Uganda na Chuo Kikuu cha Makerere washirikiane kupanua hazina ya mifupa hiyo ya kulinganishia, ili ile ya Ntusi ichunguzwe hapahapa nchini, mamlaka ya wanyamapori ikitoa mizoga ya wanyama wanaojifia mbugani, na machinjio yakitoa vichwa na miguu. Kuichemsha, kuisafisha na kuiandika namba ni kazi ambayo wanafunzi wanaiweza.

Msomaji wenu,
Masaka