Mitaro ya Arusha ifunikwe, waenda kwa miguu wapate njia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie hali ya kutembea kwa miguu katika mitaa ya Jiji la Arusha. Mwanafunzi anayewahi namba, mama anayepeleka ndizi Soko la Kilombero, kibarua anayetoka Unga Limited alfajiri, hata abiria anayeshuka kwenye daladala, wote ni waenda kwa miguu, lakini barabara inapojengwa wao ndio hukumbukwa mwisho.

Kwa maoni yangu, kiini cha tatizo hapa kwetu ni mtaro. Jiji limekaa kwenye mteremko wa Mlima Meru, na masika yakianza maji hushuka kwa kasi kuelekea mito kama Themi na Naura, kwa hiyo mhandisi makini hawezi kujenga barabara huku bila mtaro wa kina. Hilo sina ubishi nalo. Ninachopinga ni kuuacha wazi, ukimeza nafasi yote iliyopo kati ya lami na kuta za nyumba, hadi anayetembea alazimike kuingia barabarani pamoja na bodaboda na malori. Mtaro huohuo ukifunikwa kwa mabamba imara ya zege, yanayoweza kuinuliwa wakati wa kuzibua taka, unakuwa njia ya miguu bila kubomoa ukuta wa mtu yeyote. Ila anayeinua bamba awajibike kulirudisha siku hiyohiyo, kwa kuwa pengo moja lisiloonekana gizani linatosha kumvunja mtu mguu.

Kabla ya kuomba fedha, tupime. Kila serikali ya mtaa iteue watu wachache, akiwemo mzee, mama mwenye mtoto mgongoni na mtu anayetumia kiti cha magurudumu, watembee kutoka kwenye makazi hadi shuleni, zahanati na kituo cha daladala wakiwa na futi ya fundi na daftari. Kiti kimoja cha magurudumu kinahitaji upana wa takriban sentimita 90, na viwili vipishane kwa nafasi huhitaji kama mita 1.8, sehemu isiyofikia hapo iandikwe, pamoja na mahali palipofungwa na bidhaa au magari yaliyoegeshwa. Wamachinga wasifukuzwe kwa kisingizio hiki, maana wanauza pale watu wanapopita. Wapangiwe mstari, na nafasi ya kupita ibaki. Ukaguzi urudiwe usiku, na urudiwe siku ya mvua, kwa sababu njia inayopitika Januari inaweza isipitike Aprili.

Jambo hili limekwisha kufanyika nchini. Mpango wa SARSAI wa shirika la Amend, ulioanzia Dar es Salaam, ulikagua barabara zinazozunguka shule, kisha ukajenga njia za miguu, matuta na vivuko kwa gharama nafuu, na mwaka 2019 ukapata tuzo ya kimataifa ya miji ya WRI Ross. Rangi ya pundamilia peke yake haimsimamishi dereva, lakini tuta humlazimisha kupunguza mwendo. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hugonga kwa nguvu inayokaribia mara tatu ya lile la kilomita 30, na mwendo huo wa 30 ndio uliopendekezwa na Azimio la Stockholm la mwaka 2020 kuhusu usalama barabarani, pale magari na watu wanapochangamana.

Nawaomba madiwani wetu pamoja na TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, wahakikishe kwamba makisio ya kila barabara ya mtaa yanajumuisha mifuniko ya mitaro na vivuko tangu mwanzo, na kwamba mradi haupokelewi kabla havijakamilika. Mwaka wa fedha huanza Julai 1 na makisio huandaliwa miezi mingi kabla ya hapo, hivyo wenyeviti wa mitaa waanze ukaguzi sasa, na matokeo yasomwe mbele ya kamati ya maendeleo ya kata.

Wako,
Mkazi wa Ngarenaro,
Arusha