Krismasi Njema Kutoka Jinja: Mwaka Huu Kaaka Ndiye Aliyesafiri

Ndugu, jamaa, majirani na marafiki mliotawanyika kila kona, hamjambo? Wakubwa wetu nawasalimu nimepiga magoti, ingawa kwa barua hamnioni.

Ni usiku wa tarehe 24 Desemba, saa nne na ushei. Watoto wamelala, isipokuwa yule wa kati ambaye anajifanya amelala. Umeme upo, Mungu asifiwe. Jikoni kuna jogoo aliyefungwa kamba kwenye mguu wa meza, ananitazama kwa jicho moja kama mdaiwa anayejua siku ya kulipa ni kesho. Nimeona nitumie utulivu huu kuwatakia Krismasi njema, ninyi na watoto wenu, kabla hakujapambazuka na makelele yakaanza.

Kwanza niwatoe wasiwasi mlioko Kabale, kwao mume wangu, kule kusini-magharibi mwa Uganda. Tangu juzi simu zenu hazikatiki: "Mmefika wapi? Mmeshapita Mbarara?" Hatujavuka hata Mto Nile. Tuko hapa hapa Jinja. Kaaka, mama mkwe wangu na bibi wa watoto, alipopanda basi tarehe 14 mlidhani amekuja kutuchukua turudi naye. Sivyo. Amekuja kula sikukuu kwetu. Kwa hiyo msichinje mbuzi kwa ajili yetu, au mchinjeni mle wenyewe, na mkifika kwenye mguu wa nyuma mtukasirikie kidogo tu.

Kwa ninyi mlio nje ya nchi na hamjui mambo yetu: Uganda, Krismasi ni safari. Ikikaribia tarehe 20, Kampala huanza kumwagika. Stendi za mabasi hujaa watu, magodoro, kuku na makreti ya soda, nauli hupanda kila asubuhi, na asiyekwenda kijijini huulizwa amegombana na nani. Mimi mwenyewe niliamini hivyo hivyo mpaka mwaka jana.

Mwaka jana nilisafiri na watoto watatu peke yangu, baba yao akitangulia. Mkubwa alikuwa na miaka sita, wa kati mitatu, kitindamimba miezi mitano, bado ananyonya. Kutoka hapa hadi Kampala ni kilomita 80, tukapita msitu wa Mabira vizuri tu. Kampala hadi Kabale ni kama kilomita 400, na huko ndiko nilikoonja sikukuu. Nililipia viti viwili. Nilipoingia basini nikakuta kimoja kimeuzwa tena kwa bwana mmoja mwenye magunia mawili ya mchele, naye risiti anayo. Kondakta akatuangalia sote, akasema, "Muelewane." Tukaelewana: bwana akakaa, mwanangu mkubwa akakalia gunia.

Pale Kayabwe, kwenye mstari wa Ikweta ambapo watalii hupiga picha mguu huku na mguu kule, wa kati alitapika. Nikiulizwa kama nimewahi kuvuka Ikweta, nasema ndiyo, na ushahidi ulibaki kwenye gomesi langu, vazi langu la heshima. Tulipofika Lukaya wauzaji walijazana madirishani na kuku wa kuchoma na gonja, zile ndizi za kuchoma, nikashindwa hata kutoa pesa kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa na watoto. Tulifika Kabale saa nane za usiku. Mnaijua baridi ya Kabale. Mji uko zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari, na mimi nilikuwa nimewavalisha ndala. Nyote mlikuwa macho, mmewasha moto, mnaimba. Nilishukuru, nashukuru hadi leo. Lakini watoto walibebwa kama mizigo, wakalazwa na nguo zao, na kesho yake hawakumjua mtu. Wa kati alilia "twende nyumbani" siku mbili nzima, mbele ya bibi yake, ndani ya nyumba ambayo sote huiita nyumbani.

Basini, saa ile gari limesimama gizani na kitinda ananing'ata, ndipo nilipomfikiria Mariamu. Kila mwaka tunasomewa habari za safari ile ya Bethlehemu, tunaisikiliza kama hadithi ya nyota na malaika. Mimi nilisikia mgongo. Mwanamke mwenye mimba ya kujifungua, njiani, na akifika hakuna nafasi. Ila Mariamu alisafiri kwa amri ya Kaisari Augusto aliyetaka watu waandikwe. Mimi nani aliniamuru? Nilitafuta jibu kuanzia Masaka hadi Mbarara, sikumpata Kaisari wangu.

Mwaka huu baba yao amepangiwa zamu ya tarehe 25. Ni muuguzi, na wagonjwa hawana likizo. Nikasema basi, safari hii hatwendi. Kusema ni rahisi. Kazi ilikuwa kumpigia Kaaka. Nilizunguka na simu mkononi siku tatu. Mama mkwe ni mama mkwe, hata akiwa mwema kama wangu. Nilipomweleza, alinyamaza muda mrefu hadi nikadhani salio limekwisha. Kisha akasema, "Basi nakuja mimi. Miguu ninayo."

Alikuja mchana kweupe, kabla nauli haijapanda (mzee huyu hesabu anazijua), na mzigo wake ulikuwa gunia la viazi mbatata, unga wa mtama, jogoo huyu anayenitazama, na jerikeni la bushera. Wenye kuijua bushera mmeshaanza kucheka. Kinywaji cha mtama kinachoendelea kuchachuka kikifungiwa kwenye jerikeni na kuwekwa ndani ya basi lenye joto, jerikeni huvimba. Anasema walipofika Mbarara lilikuwa na tumbo la mimba ya miezi minane, na kondakta akataka kulishusha. Kaaka akasimama, akafungua kifuniko kidogo kidogo, kikalia "pssss" basi zima likainama. Mtu mmoja alirukiwa shati. Kaaka akamwambia, "Wewe pangusa. Hii ni chakula, si risasi!"

Hapo mmekisikia Kiswahili chake. Marehemu baba mkwe alikuwa mwanajeshi, na Kaaka alijifunza lugha hii kambini, ambako nusu ya maneno ni amri. Mimi nimezaliwa Busia, upande wetu wa mpaka na Kenya. Kiswahili changu ni cha sokoni, cha kubembeleza bei na kubembeleza watoto. Nawaambia wanangu, "Jamani wapenzi, si mje mle basi?" na hakuna anayeinuka. Kaaka anatoka mlangoni: "Wewe! Kuja hapa! Keti! Kula!" Watatu wote chini, hata kitinda. Nimebaki kujiuliza sarufi yangu yote imenisaidia nini.

Jirani yetu wa kabila la Waganda hupenda kunitania kwamba Kiswahili ni lugha ya askari na wezi. Sikatai kabisa, wazee wengi hapa walikisikia kwanza kwenye vizuizi vya barabarani, na kumbukumbu hiyo haifutiki eti kwa sababu tu Katiba tangu 2005 inakiita lugha rasmi ya pili. Lakini asubuhi ya leo amenipungia mkono akasema "Ssekukkulu ennungi!", yaani Krismasi njema kwa Kiganda. Nikamuuliza, mama, hiyo Ssekukkulu umeitoa wapi? Ukiitamka polepole utasikia sikukuu imevaa kanzu. Akacheka, akaniletea majani ya migomba ya kufungia luwombo, ule mchuzi unaopikwa ndani ya majani.

Sasa siku hizi kumi. Sitawadanganya kwamba ni asali tupu. Kaaka amepanga upya jiko langu na chumvi sijaiona tangu Jumatatu. Anaona watoto wanakula mandazi mengi mno na kuoga kwa maji ya moto kunawaharibu. Televisheni ameifunika kitambaa. Lakini jana alasiri niliwakuta uani: yeye kwenye mkeka, kitinda amesimama ndani ya beseni, povu hadi masikioni, na wale wakubwa wawili wanamenya viazi. Wa miaka minne alikuwa anamenya kiazi kimoja tangu saa nane. Kilikuwa kimebaki ukubwa wa jicho la mbuzi. Kaaka alikipokea, akakigeuza, akakiangalia kwa makini kama mtu anayenunua ng'ombe, akasema, "Hii safi. Leta ingine." Mtoto alitembea kwenda kuchukua kingine kifua mbele kama koplo.

Mwaka jana hakukuwa na nafasi ya kiazi. Kulikuwa na wageni hamsini wa kusalimia, na bibi mwenyewe alikuwa jikoni siku zote tatu, mjukuu akimwona mgongo. Simlaumu mtu. Nasema tu kwamba tulikuwa tukisafiri kutwa na usiku kumpeleka mtoto kwa bibi yake, na tukifika hawaonani.

Nguo za sikukuu tulizinunua Novemba kwenye mivumba, yaani mitumba, kabla bei hazijapata kichaa. Mnazijua hesabu za mama: gauni linanunuliwa kubwa kidogo, "atakulia humo". Mkubwa amelijaribu kila jioni kwa siri, na kila jioni mimi nimejifanya sikuona. Viatu vya wa kati ndivyo vimetuangusha. Vilikuwa sawasawa Novemba, leo kidole gumba kinalalamika. Atavivaa kanisani, atavivua mlangoni, na picha itapigwa kuanzia magotini kwenda juu.

Kuna mtoto wa jirani, rika la binti yangu, ambaye mama yake yuko Uarabuni kwa kazi za ndani, mwaka wa pili sasa. Juzi gauni lake lilifika, limenunuliwa kwa pesa za simu zilizotumwa kutoka huko. Alilivaa akaja kwetu kwa sababu simu ya nyanya yake haina kamera nzuri. Nilimshikia yangu. Akazunguka mara moja, akazunguka tena, mama yake upande wa pili anasema, "Rudi nyuma nikuone miguu." Akarudi nyuma hadi akagonga ukuta. "Rudi tena." "Mama, ukuta." Nilishindwa kushika simu vizuri, picha ikawa inatetemeka, na yule mama akadhani ni mtandao. Kesho mtoto huyo anakula kwetu. Na kwenu dada zetu wote mlioko Riyadh, Dubai, Muscat na kwingineko, ambao watoto wenu wanavaa nguo mpya ninyi hampo: salamu hizi ni zenu kabla ya mtu mwingine.

Heri pia kwa walio zamu usiku huu, wauguzi, madereva, askari wa mlangoni, na vijana wa boda watakaofanya kazi hadi mlo wa mchana upoe. Heri kwa waliofiwa mwaka huu na kesho watahesabu sahani wakakosea. Heri kwa wale waliofutwa kazi na hawajawaambia watoto. Kwa wazazi wenzangu wote: ada tutazungumza Januari. Shule hazifunguliwi hadi Februari, na Januari hiyo ndefu inatungoja mlangoni, lakini kesho tusiifungulie.

Na ninyi wa Kabale, msituwekee kinyongo. Tutakuja Mei watoto wakifunga shule, mabasi yakiwa na viti na watu wenye akili zao. Tutakaa wiki nzima. Wanangu watawajua kwa majina.

Limebaki suala moja ambalo tumelijadili jioni yote: firigisi ya jogoo. Mnajua firigisi ni ya baba, haiulizwi. Lakini baba kesho yuko zamu hadi usiku, na binti yangu akauliza swali la kisheria: baba akiwa hayupo mezani, baba ni nani? Wa kati akasema ni yeye. Vita ikaanza, viazi vikarushwa. Nikamwangalia Kaaka nikijua yeye ndiye mlinzi wa mila.

Akatusimulia kwamba alipokuwa msichana, mwanamke hakula kuku. Alimlisha, alimchinjisha, alimnyonyoa, alimpika, akawawekea wanaume, akaenda kula maharage. Kuku wa kwanza alimla akiwa mama wa watoto wawili, kambini, amejifungia ndani. Binti yangu alimtazama kama mtu aliyesikia bibi yake aliwahi kufungwa jela. Kisha Kaaka akatoa amri: firigisi itakatwa vipande vinne. Cha kwanza kitawekwa kwenye sufuria kimngoje baba. Cha pili cha binti. Cha tatu cha yule anayejiita baba.

Nikasema ahsante mama, na cha nne kitinda atafurahi.

"Huyo meno ya firigisi hana," akasema Kaaka. "Mimi bado nayo manne, na nina deni la kudai."